Vipimo vya Feruzi

Kiuno ishirini na nane. Urefu arobaini na mbili.
Paja libane.
Chini (baba aliuliza mara mbili),
chini, mzunguko inchi thelathini.
"Thelathini? Nakushonea suruali au hema?"
Feruzi Mwinyipembe akacheka, meno yote nje,
nami nikaandika, maana mle dukani
mwenye kujua kuandika nilikuwa peke yangu.

Mtaa wa Mchikichi, mwaka sitini na nane.
Alisema anaimba soli.
Baba akadhani soli ya kiatu,
na hakukosea sana:
Jumamosi ile, ukumbi wa Arnatoglu,
nilimwona akiteleza jukwaa zima kwa mguu mmoja
mpaka kiatu kikaachama kama kambale.

Halafu ule ukelele.
Haukuwa neno. Uliinuka tumboni,
ukapasuka njiani, ukafika umeloa.
Wapiga tarumbeta walishusha vyombo.
Watu wakasema kaiga sahani za santuri za Marekani.
Akasema, sijamwiga mtu,
hivyo ndivyo bibi yangu kule Kisarawe
alivyokuwa akiita kuku, mwewe akiwa juu.

Mwaka uliofuata wakaja vijana wenye chupa ya soda.
Waliitumbukiza kiunoni; isipotokea mguuni
suruali huchanwa hapo hapo, barabarani.
Ya Feruzi chupa ilikwama pajani.
Alirudi dukani amejifunga kanga ya jirani,
iliyoandikwa, ee Mungu wangu, *Mtasema Mchana, Usiku Mtalala*.
Redio nayo ikatangaza: soli marufuku mjini.
Baba akasema basi, shauri limekwisha.
Feruzi akakaa juu ya kigoda cha pasi, akawaza.
"Fundi, soli maana yake roho.
Sasa roho utaikamatia wapi? Utaichania wapi?"

Akabadili bango tu.
Dansi, waliandika, mtindo wa Mwewe.
Ukelele ule ule, Kiswahili kitupu:
kodi ya chumba, mke aliyepanda treni ya Tabora,
bosi anayekohoa siku ya mshahara.
Uani kwake Magomeni alifundisha watoto wa watu
kwa gitaa lililopungua nyuzi mbili.
"Usikimbilie kuimba," aliwaambia.
"Tafuta kwanza panapouma. Kisha imbia hapo."
Wengine walikwenda zao, wakawa makarani.
Wengine ndio hao mliowasikia.

Daftari linaendelea.
Sabini na tano: kiuno thelathini na tatu, bendi ina basi lake.
Themanini na mbili: ishirini na saba,
mwaka wa foleni na unga wa yanga;
kitambaa hakuna, akaleta pazia la mkewe,
maua makubwa mekundu, akapanda nalo jukwaani
hivyo hivyo, na mkewe mstari wa mbele
akiliangalia pazia lake likicheza.
Tisini na sita: thelathini na tisa.
Pembeni niliandika kwa penseli: *anahema*.

Mwisho hawakuja kuniuliza.
Sanda haina kiuno, wala haina chini.
Nilikaa na wanawake, futikamba shingoni,
sikujua nimetoka nayo.

Juzi kaja kijana wa Manzese, nywele rangi ya bizari,
anataka bugaluu. Neno lipo bado,
wenyewe hawajui limetoka wapi.
Simu yake juu ya meza ya kukatia,
singeli inakimbia kama cherehani iliyopagawa,
na katikati, umekatwa, umeharakishwa,
umerudiwa rudiwa, ule ukelele.
Kuku wote wa Kisarawe walitimka kifuani mwangu.
"Nani huyo?"
"Sijui, bibi. Sauti tu. Ipo siku zote."

Nikamwambia asimame wima.
Kiuno ishirini na nane.
Nikainama, nikaandika thelathini.
"Bibi," akasema, "huko chini hujapima."