Tisa, Sifuri, Sita

"Simu yangu imekufa," akaniambia Aune Kivelä mlangoni,
kabla sijakung'uta theluji ya kwanza kwenye buti.
Haikuwa imekufa. Niliusikia mlio wake tangu ukumbini,
mlio ule ule, kama mtu anayeguna huku akifikiri.
Kilichokufa ni tarakimu saba.

Miaka sitini na moja amempigia Delphine wa ng'ambo ya barabara,
saba tu, saa moja kamili, kabla ya kahawa:
Nimeamka. Na wewe?
Sasa kuna sauti ya mashine inayomkatiza,
sauti ya mwanamke asiyewahi kukanyaga barafu,
inamwagiza aanze na msimbo wa eneo.
"Eneo gani? Si huyo hapo dirishani, anamwaga majivu!"

Mimi ni fundi wa nyaya. Eneo nalijua kwa mikono.
Tisa, sifuri, sita
ni rasi hii yote iliyobandikwa juu ya jimbo
kama kiraka kwenye suruali ya mtu mwingine,
na daraja moja refu ndilo uzi.
Ni Calumet, shaba ilikoisha na makanisa yakabaki,
mengi kuliko waumini.
Ni Baraga, Waojibwe walikokuwapo kabla ya nguzo,
kabla ya jimbo; piga ofisini kwao,
utaitikiwa "Boozhoo" kabla ya kuulizwa shida yako.
Ni Ironwood, wanaofuata saa nyingine:
kwetu saa mbili, kwao saa moja, msimbo ule ule.
Nimewahi kuchelewa kwa saa yangu
nikawahi kwa saa yao.

Na ni mpwa wangu Tauno, mwaka wa tisa huu yuko Arizona,
anauza mabwawa ya kuogelea,
amekataa katakata kubadili namba.
Akinipigia, kioo cha simu kinasema yuko hapa,
kwenye theluji, nami sikisahihishi.

Hayo yote sikumwambia. Nilisema: "Ni utaratibu mpya, mama."
"Na sababu?"
Sababu. Nikaweka bisibisi chini.
Huku kwetu zipo namba zinazoanza na tisa, nane, nane.
Nchi nzima sasa imezitenga tarakimu hizo tatu
kwa yule ambaye maji yamemfika shingoni,
anayeona usiku hauna mlango.
Mtambo ukizisikia usingoje nyingine. Uunganishe.
Ndiyo maana sisi wengine tumeombwa
tuanze mbali kidogo.

Birika lilichemka, hakulisogelea.
"Reino," akasema, "Februari ya sabini na nane.
Bandani, penye kuni.
Simu ilikuwa hapo hapo ukutani unapoegemea."
Nikaacha kuegemea.
"Tatu tu?"
"Tatu tu."
"Hata kwa simu kama hii?"
Simu yake ni ya kuzungusha. Sikuwa na uhakika,
nikamwambia sina uhakika, nitauliza.

Akavaa miwani. Akatia kidole kwenye tisa,
akaizungusha hadi mwisho, akaiacha irudi
ikikereza kama panya darini.
Sifuri, ndefu kuliko zote.
Sita.
Halafu zile saba, ambazo kidole kilizijua bila macho.
Ng'ambo ya barabara Delphine aliweka ndoo chini,
akaingia ndani, pazia likacheza.

"Umechelewa," nilimsikia akisema, hasikii vizuri, hupaza sauti.
"Nimepitia mbali," akajibu Aune.
Kisha akanigeuzia mgongo, waya ukamzunguka kiuno,
wakaanza kuongea habari za majivu.

Kwenye fomu niliandika: Hitilafu, hakuna.
Muda uliotumika, saa moja na nusu.
Msimamizi atauliza.