Ndizi Langoni

Kipsaina alimzuia mama langoni, kule Njoro,
si kwa ubaya. Alinusa tu kikapu
akasema: hizi haziingii.
Mama akadhani anaombwa chai, akaanza kufungua fundo la leso.
Ndizi za Keroka, zimeiva hadi zikaota madoadoa,
amezipakata magotini tangu alfajiri.

Nilitoka na buti za mpira na koti la chumba cha baridi,
nikamweleza kwa lugha ya kazini
ambayo nyumbani sijawahi kuitumia:
mama, ndizi mbivu hupumua.
Hutoa hewa isiyoonekana, jina lake ethilini,
na waridi likiivuta hudhani saa yake imefika.
Lililokuwa liishi siku kumi na mbili kwenye chombo
hupukutisha petali siku ya tatu, mezani kwa mtu
atakayetutumia picha ya malalamiko.

"Kwa hiyo harufu ya ndizi zangu inazeesha maua?"

Si harufu. Ni kama neno.
Ua lenyewe hulitamka pia, kwa sauti ndogo,
linapoanza kuchoka.
Ndiyo maana yapo tunayoyanywesha dawa ya fedha ndooni:
fedha huziba sikio, wito hupita,
ua hubaki limesimama, halina habari.

Akacheka. Akauliza kama dawa hiyo hupimwa kwa kijiko.

Tulizila zote nje, kwenye banda la baiskeli,
mimi na yeye, na Kipsaina akijongea kila lango likitulia.
Maganda tukayafunga mfukoni kama ushahidi.
Nilinawa mara mbili.

Kisha nikampeleka kwenye pipa la yaliyokataliwa.
Tazama, waridi jekundu likizeeka halififii kuwa jeupe,
huingia zambarau, kuanzia ukingoni,
kama kidole kilichobanwa na mlango.
Rangi ni ile ile iliyokuwemo.
Uchachu ndani yake ndio umepungua,
kama maji ya rozela ukiyatia magadi.

Mama aliyageuza moja moja kwa muda mrefu.
Nywele zake mwaka huu hakuzipaka piko;
niliona nilipoinama kumshikia kikapu,
sikusema kitu.

"Haya hayajaharibika," alisema. "Yameiva."

Akachagua matatu, yenye zambarau kuliko yote,
akayafunga kwenye leso palipokuwa na ndizi,
mle mle ambamo ile hewa haikuwa imekwisha.
Nilitaka kumwonya. Nikaona ni ya nini.

Langoni Kipsaina alifungua daftari:
Bosibori, mgeni. Ametoka na maua 3, taka.
Mama akamgusa kiwiko. Andika mabivu.
Akatazama nyuma kama msimamizi yuko karibu,
akakata, akaandika.

Nilirudi ndani, nyuzi nne.
Meza yangu ilikuwa imejaa mabichi.