Kilichonyamaza

Mshika mbili, walisema, moja humponyoka.
Mimi nashika nne,
na zote nimezifunga kwa amri moja,
mstari mfupi nilioubandika kwenye faili la mradi
nisije nikafungua tena vidirisha vinne vyeusi
nikasahau kipi ni cha nani.

Saa nne usiku, Novemba, Dundee,
ghorofa ya pili pale Hilltown, juu ya kinyozi aliyefunga.
Mvua haianguki, inapita ubavuubavu
kama mtu asiyetaka kusalimia.
Nabonyeza.

Seva inaamka kwa kijani: Nipo, mlango elfu tatu.
Mjenzi anafuata kwa buluu,
anajenga, anabomoa, anajenga,
kila nikigusa koma.
Majaribio kwa zambarau: sawa, sawa, kosa, sawa.
Na yule wa njano, mtuma barua,
ambaye kila sekunde tano huchungulia foleni
na kusema: Hakuna kitu.
Hakuna kitu.

Maneno yao yanapandana
kama mashangazi jikoni mkesha wa harusi,
huyu hajamaliza sentensi
yule ameshajibu nyingine.

Juzi seva ilikufa, wenzake wakaendelea kuchapa kazi,
kwa bidii, kwa niaba ya marehemu.
Nikaongeza neno kwenye ule mstari:
akifa mmoja, waueni wote.
Kazini kwetu ni neno la kawaida.
Nililisoma kwa sauti, mara moja,
nikaenda kuchemsha chai.

Bi Isla Geddes wa chini alipanda kuniletea barua
iliyopotelea kwake. Ana miaka themanini na tatu,
kiwanda cha magunia alikiingia na kumi na mitano.
Akasimama nyuma ya kiti changu, miwani kwenye paji,
akitazama rangi zinavyopanda.
"Una mitambo mingapi hapo?"
Minne.
"Mimi walinipa miwili ya kufuma. Kelele ile!
Hata jina lako hulisikii. Tulisemezana kwa vidole."
Akanionyesha: viwili begani, msimamizi anakuja.
Kimoja shavuni, sikumbuki,
nadhani ni habari za mwanamume.

Sasa ulijuaje uzi umekatika?
Akacheka kwa pua.
"Kinacholia hukisikii, kuku wangu.
Unasikia kilichonyamaza."
(Kuku. Huku ndivyo wanavyokupenda.)

Leo natazama:
kijani, buluu, zambarau, buluu,
kijani, zambarau.
Imenichukua robo saa.
Wa njano yuko wapi?
Hakuna wekundu popote, hakuna aliyepiga yowe.
Hajafa; angekufa angekwenda na wote.
Ameganda tu, kwa adabu,
akingoja jibu kutoka hifadhidata
lililokwama njiani.
Napandisha mistari mia mbili
hadi neno lake la mwisho:
Hakuna kitu.

Kontroli na C.
Wote kimya.
Feni ya kompyuta inashusha pumzi,
na kwa mara ya kwanza tangu magharibi
naisikia bomba la Bi Geddes likigonga ukutani.

Simu inatetema mezani.
Kundi la familia, Tanga, jumbe thelathini na saba.
Mama kapiga picha risiti ya umeme.
Shangazi Mwanakombo, dua.
Saumu, video ya mbuzi aliyeingia benki,
vicheko, vicheko, tena dua,
nani atachangia mahari, nani alichangia mwaka jana.
Napandisha kwa kidole gumba.
Napandisha.

Mudrik,
ambaye hujibu kila jambo kwa "haya",
misiba "haya", mahari "haya",
mara ya mwisho ni Jumapili ya juzi.
Hakuna aliyeuliza. Mimi pia.

Kwao ni saa saba usiku; bekari imeshawasha tanuri,
mikono yake iko kwenye unga.
Nampigia hivyohivyo.

Inaita.
Sisi wengine wote tulikuwa tunaongea.
Inaita.