Mafuta ya Cherehani

Zihindula aliniachia bunduki siku ya Jumanne,
mvua ikipiga mabati ya Kadutu kama mtu anayedai deni.
Si ile ya serikali. Ile ilikuwa inamngoja kambini
na namba yake, na jasho la mtu mwingine kwenye mkanda.
Hii ni ya babu: mtutu mmoja, kitako cha libuyu,
karatasi ya ruhusa yenye muhuri wa ofisi isiyokuwepo tena,
nguruwe-mwitu kumi na wanne, na chui mmoja
ambaye urefu wake huongezeka kila Noeli.

"Itunze," akasema. "Nikirudi nitaihesabu."
Kana kwamba ni mbuzi.

Nikaigawa.
Mtutu darini, umevikwa kitenge cha mama,
kile cha ndege wa bluu, alichovaa siku ya kipaimara chetu.
Kitako uvunguni, nyuma ya buti zake za mpira.
Risasi tisa nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
nikapanda nazo ngazi za udongo hadi kwa Mama Cibalonza.
Hakuuliza. Alilipokea kwa mikono miwili
kama anayepokea mtoto wa jirani aliyelala.
Mwizi akija, ataiba bomba.
Na mimi, usiku nikishikwa na hasira zangu,
ninalo bomba tu.

Akiba haiozi, walisema.
Hawakulala juu ya ziwa hili.
Ukungu wa Kivu hupanda mlima bila taa,
huingia bila hodi,
asubuhi hata sindano zangu zina madoa.
Kwa hiyo kila Jumamosi, wateja wakishaondoka,
namshusha babu, nampangusa
kwa mafuta ya cherehani.
Chupa ile ile, kitambaa kile kile.
Matone matatu kwa mashine inayotulisha,
manne kwa huyu asiyejua kushona.
Mwezi wa saba chupa ilikauka mapema;
cherehani ikalia kwenye pindo la gauni la bi harusi wa Nyawera,
nami nimesimama, tone la mwisho kidoleni.
Nikampa yule asiyeweza kulia.

Ashuza ana miaka sita. Anajua dari ina jambo.
"Mama, babu anakaa juu?"
"Babu alikufa."
"Sasa unamwogesha nani?"

Jumapili simu ikikubali, kaka hupiga
kutoka mahali ambapo hapatajwi.
"Ile kitu, iko salama?"
"Iko salama."
Kisha upepo wa kwao, mbwa, mtu anacheka mbali.
Kwenye bunduki kuna kidude kidogo, nacho huitwa usalama.
Cha babu kimekuwa kigumu, mafuta hayafiki pale.
Nilitaka kumuuliza kama chake
bado kinarudi nyuma.
Salio likaisha.

Jana Mama Cibalonza alihamia Bagira kwa binti yake.
Kabla ya kuondoka alinirudishia kopo.
Tukamimina mezani, kati ya vifungo na nyuzi,
tukahesabu kwa sauti ya chini kama watu wa kanisani:
tisa.

Nimezunguka nyumba nzima, sijapata pa kuliweka.
Liko hapa, juu ya meza ya cherehani.
Kila nikikanyaga pedali
zinagongana.