Nukta za Asubuhi

Mwezi wa nne sasa naishi ndani ya mstari mmoja.
Bombo, nyumba ya bati nyuma ya kambi,
sanduku la risasi lisilo na risasi,
na ndani yake madaftari saba ya Rehani Tombe:
koplo, mpishi wa jeshi, na (hili nimelipigania
mbele ya jopo zima kule Makerere)
mwanafalsafa.

Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu
nyuma ya fomu za posho.
Mbele: maharagwe ratili arubaini, chumvi, sabuni.
Nyuma: iwapo roho ina uzito,
na kama inao, nani huibeba mtu akilala.
Wino umepenya. Mara nyingine chumvi
huingia katikati ya hoja
nami huiacha humo, kwa muda.

Daftari la saba, ukurasa wa mwisho:
*Mtu hu_enda kwanza, ndipo ajue.*
Jino moja la herufi, karibu tupu.
Nukta moja chini, na mtu hupenda.
Nukta mbili juu, na mtu hutenda.
Chini ipo moja. Nimeitazama kwa lenzi,
kwa tochi ya simu, kwa jua la saa nne.
Haing'ai kama wino.
Pengine ni kinyesi cha nzi
wa mwaka wa thelathini na moja.

Profesa Lubowa amepiga simu:
"Chagua, tia tanbihi, songa mbele."
Lakini sura yangu ya tatu, kurasa sitini,
imesimama juu ya *hupenda*.
Juu ya nzi.

Bi Bakhita, mjukuu wake, anasuka tabaga,
ukili mwekundu, ukili wa zambarau,
hainui macho.
"Mama alikuwa akisema, Babu aliandika usiku,
taa ameipunguza, mafuta ghali.
Nukta aliziweka asubuhi, akiona vizuri.
Hiyo ya mwisho..." akakata uzi kwa meno,
"asubuhi yake walichemsha maji ya kumwoshea."
Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimerudi mezani.
Herufi za Kirumi hazijui kunyamaza:
ama p, ama t.
Nimeandika p. Nimefuta. Nimeandika t. Nimefuta.
Karatasi imetoboka mahali pale
na kilichobaki, ukikisoma bila kusita,
ni *Mtu huenda*.

Gurusa imeletwa, ya moto, na chai ya tangawizi.
Nakula kwanza.