Hapa Si Mahali

Kabla ya kubonyeza kitufe navuta pumzi.
Vyombo vyote, vyombo vyote, vyombo vyote,
hapa ni Mtera, hapa ni Mtera.
Hiyo ndiyo "hapa" pekee ninayoiruhusu,
kwa kuwa imebeba jina mgongoni.

Wengine huja hewani mikono mitupu:
"Dada, kuna kisiki kikubwa hapa,
kimepasua mtumbwi, watangazie wenzetu."
Hapa wapi, Chidumizi?
"Hapa hapa. Karibu na mti mkavu."

Bwawa hili lilimeza msitu.
Miti mikavu imesimama majini kwa maelfu,
kila mmoja na mnandi wake kileleni,
na hata ukinieleza ndege katazama wapi
sitakuona.

Kiswahili kimetupa hapa, huku na humu,
vyumba vitatu vya kupokelea wageni.
Kwenye redio vyote vitatu ni giza:
kidole unachonyoosha hakina sauti.

Bwana Ndahani alitoka Dodoma mjini kutufunza,
ramani kaisokomeza kwenye bomba la maji.
Latitudo kwanza, alisema, ndipo longitudo.
Tarakimu mojamoja, kama unahesabu noti za mkopo,
halafu aliyesikia akurudishie.
Nilicheka kichinichini. Nani hapa hajui kuhesabu?

Usiku ule wa Februari mashine iliwazimikia
wanangu wa Merabu, upepo umechachamaa.
Mkubwa akasoma kwenye simu yake:
"mashariki thelathini na tano,
dakika hamsini na ta—"
kisha mkwaruzo.
Sikio langu likajimalizia: tatu.
Ilikuwa tano.

Silabi moja. Kilomita karibu nne
za mawimbi, viboko na magogo.
Boti ya uokoaji ikazunguka penye maji matupu
tangu saa nne hadi jogoo wa Migoli,
nami nikiwatangazia kosa langu
kwa sauti safi kabisa, mara tatu tatu.

Walipatikana kumepambazuka, wamekumbatia mti.
Mdogo bado ameshika simu, chaji imekwisha.
Merabu akaja ofisini na perege wawili,
akawaweka juu ya daftari la zamu, hakusalimia, akatoka.
Sijui hadi leo ilikuwa shukrani
au nini.
Ule ukurasa bado unanuka samaki.

Siku hizi nasema: tatu, mafiga, tatu.
Nasema: tano, vidole vya mkono mmoja, tano.
Nyumbani wananicheka.
Mume wangu akiuliza kiberiti kiko wapi
namjibu rafu ya pili kutoka chini,
kushoto mwa chumvi, rudia.
Naye hurudia, huku akitikisa kichwa.

Haya, Chidumizi, washa simu yako, nisomee.
Usinitajie mti. Usinitajie ndege.
Kusini: sifuri, saba. Dakika: sifuri, nne.
Mashariki: mafiga, vidole.
Dakika: vidole, moja.

Vyombo vyote, kisiki, kinaelea nusu,
mahali pake ni hapo nilipotaja,
na nani amenipata, anirudishie.

Kimya. Mkwaruzo. Kisha sauti ya mtoto,
sijui ni wa boti gani, anasoma polepole
kama aliyeshika kitabu cha darasa la pili.
Amekosea tarakimu ya mwisho.

Tunaanza upya.