Tisa ya Katikati

Nimeandika ubaoni: 400, toa 136.
Chaki inakwaruza, baridi imeifanya ngumu kama jino.
Jiko linakula samadi kavu na joto lake halifiki dawati la nyuma;
watoto kumi na wanne wamevaa kofia darasani.

Mwaka huu sikuagiza vifaa kutoka Ulaanbaatar.
Kila mtoto kaja na vifundo vya miguu ya kondoo,
viwili kwa kila mfu.
Miaka mingine huviokota kimojakimoja, vya kuchezea.
Safari hii wamevileta kwa magunia,
maana zud imepita, kipupwe kile kinachoua mifugo ikiwa imesimama,
na hakuna aliyeuliza mbona vingi.

Tumefunga kumikumi kwa uzi wa sufu.
Mafungu kumi, mfuko mmoja. Mfuko ni mia.
Mezani mifuko minne,
hakuna fungu, hakuna kifundo huru.

"Mamoja anadaiwa sita," nasema, "naye hana hata kimoja.
Afanyeje?"
"Akakope kwa jirani!"
"Na jirani yake, Makumi, ana ngapi?"
"Sifuri."

Kimya. Jiko linapasua kitu tumboni mwake.
Batdelger, wa mwenye duka, amekwisha maliza:
kageuza, sita toa sifuri, kaandika sita, kaweka kalamu chini.
"Batdelger, umemlipisha aliyekuja kudai."
Wanacheka, naye anacheka, anafuta kwa mkono wa koti.

Basi twende nyumba ya tatu.
Mamia ana mifuko. Tunafungua mmoja,
mafungu kumi yanamwagika kwa Makumi,
naye hajayakalia hata pumzi moja,
anafungua moja, anamsukumia Mamoja.
Nakata sifuri, juu yake naandika tisa ndogo.
Tatu, tisa, kumi.

Hapo Otgon, kitinda mimba wa Dashnyam,
ambaye tangu Januari hajafumbua kinywa ila kwa miayo,
anainua mkono.

"Mwalimu, huyu wa katikati.
Hakuwa na kitu. Mzigo umepita tu mlangoni kwake.
Mbona amebaki na tisa?"

Miaka kumi na tisa nafundisha kutoa,
sijawahi kuulizwa hivyo.
"Njoo uhesabu," namwambia. "Vyote, kuanzia mifuko."
Anahesabu mara mbili, kidole kimepasuka kwa baridi:
mia tatu, na tisini, na kumi.
Mia nne.
"Umeona? Hakuna kilichopotea njiani."
"Ni kweli," anasema. "Hapa hakuna kilichopotea."
Kisha, macho yakiwa bado mezani:
"Nyasi za msaada zilitoka mkoani malori kumi.
Bondeni kwetu lilifika moja."

Hakuna anayecheka.
Batdelger anatazama dirisha, ingawa limeziba kwa barafu;
mjomba wake ni karani wa wilaya.
Mimi nageukia ubao
nafuta mahali palipokwisha futwa.

Ni yeye anayenirudisha.
"Kumi toa sita, nne," anasema, kama anayeosha vyombo.
"Tisa toa tatu, sita. Tatu toa moja, mbili."
Mia mbili sitini na nne.
Anaiandika wima, kila tarakimu chumbani mwake,
na ile tisa ndogo anaikolezea risiti,
nasema risiti, nataka kusema risasi, penseli yake ni fupi kama risasi,
anaikoleza mpaka karatasi inatoboka.

Kengele. Vifundo vinarudi mifukoni.
Kimoja chenye doa jekundu, rangi wanayowapaka kondoo wa kwao,
kinaingia ndani ya buti la Otgon.
Najifanya natafuta kifutio.

Kesho tutakuwa na mia tatu tisini na tisa.
Toa mia moja thelathini na sita.
Watoto watashangaa ilivyo rahisi:
hakuna mlango wa kugonga,
hakuna mtu wa katikati.